Viraka Saba vya Gauni la Rangi ya Chungwa

Wiki iliyopita nilimfokea mwanafunzi wangu mmoja mpaka vyerehani vyote vikanyamaza. Nina karakana ya ushonaji pale Igoma, hatua chache kutoka barabara ya Musoma. Ina vyerehani kumi na viwili, sita kati ya hivyo vya umeme, na stashahada yangu nimeitundika ukutani kwenye fremu ya kioo, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Sioni haya kusema hivyo. Niliondoka Mwanza na begi moja lililofungwa kwa kamba kwa sababu zipu ilikuwa imekufa, nikarudi na lori. Vitu vyangu vilijaza lori zima, tena dereva alilalamika.

Sasa binti huyu alikuwa amechukua foronya iliyochanika, iliyoletwa na mteja mmoja bibi kizee, akaanza kuikata vipande vya kujifunzia.

"Umemuuliza?" nilimwambia.

"Nani, madam?"

"Mwenye foronya!"

"Lakini madam, imechakaa. Hata panya hawezi kuilalia."

Nilimpokonya mkasi. Wenzake wakatazamana kama watu waliomwona mama mwenye nyumba amerukwa na akili kwa sababu ya foronya. Jioni nikapoa, nikawanunulia soda, lakini sababu sikuwaeleza. Wewe nitakueleza, maana tumefahamiana kwa muda mrefu, na nina hakika na wewe kuna jambo ulilifanya ukiwa na miaka kumi na moja ambalo mpaka leo ukilikumbuka unakohoa bila kikohozi.

Nililelewa na bibi yangu Kirumba, kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyoegemea mwamba. Ukitaka kujua upepo unatoka wapi ulinusa tu: ukitoka soko la samaki la Mwaloni ulileta dagaa, ukitoka mlimani ulileta moshi wa kuni. Bibi alikuwa na baraza pana la saruji, na kila Jumamosi baada ya saa tisa baraza lile liligeuka kuwa kitu ambacho mtaa mzima ulikiita zahanati. Si ya watu. Ya nguo.

Walikuja na mabeseni kichwani, wakivua kandambili chini ya ngazi. "Mwadila," walisema kwa Kisukuma, hata wale ambao hawakuwa Wasukuma, maana bibi hakuitikia haraka salamu nyingine ya alasiri. Kulikuwa na chai ya rangi yenye tangawizi kali, sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na redio juu ya dirisha ikisoma salamu za watu tusiowajua. Meli ya Ukerewe ilipopiga honi bandarini, bibi alisimamisha sindano hewani mpaka honi iishe, kama vile isingekuwa adabu kushona wakati chombo kinaaga.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipokuwa imefunguliwa. Maduka yalikuwa yamejaa tena, lakini bibi alikuwa bado na woga wa miaka ile ya foleni, alipopanga mstari tangu alfajiri kwa ajili ya kanga moja. Ndiyo iliyomfundisha kutotupa kitu. Nguo ikija zahanati ilikuwa na mahali pawili pa kwenda. Beseni la kijani lilikuwa la wagonjwa, nguo za kutibiwa. Beseni la bluu, lenye ukingo uliopasuka, lilikuwa la vipande, nguo ambazo hazikuwa na matumaini na sasa zingekatwa viraka vya kuwatibu wenzao.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza: hakuna kushona nguo ya nyumba yako. Unaweka yako kwenye beseni, unachota ya mwenzako. Bibi alisema, "Ya kwako utailipua. Ya mwenzako utaona aibu." Na kweli, nimesoma chuo, nimefundishwa na watu waliofika ng'ambo, sijaona mishono midogo na sawa kama ile ya wanawake waliokuwa wakishona chupi za watoto wasio wao.

Sheria ya pili: hatuulizi. Nguo imechanikaje, ni ya nani, kwa nini kola ina damu, hayatuhusu. Unaweka, unaondoka na chai yako. Kulikuwa na mama mmoja muuza mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyenuka mafuta ya samaki hata siku ya Jumapili, na hata yeye, ambaye aliweza kumtania mjumbe wa nyumba kumi mbele ya watu, hakuwahi kuvuka sheria ile. Aliinua tu suruali yenye tundu makalioni, akaitazama anga kupitia tundu lile, akasema, "Naona Ukerewe yote mpaka Nansio," tukacheka, akaanza kushona.

Alikuwepo pia mwalimu wa shule yetu, ambaye alishona huku akisahihisha lugha ya kila aliyeongea. Na alikuwepo mzee wa nyavu, mwanamume pekee. Alikuwa amestaafu kazi ya kushona nyavu za wavuvi, na mafundo yake hayakufunguka hata kwa meno. Mama wa mapanki alimwambia kila wiki, "Mzee, hii ni shati, si wavu. Utamfanya mwenye nayo avue sangara." Naye kila wiki alijibu, "Akivua, na anigawie mkia."

Wa mwisho kujiunga alikuwa jirani yetu muuza dagaa. Alihamia chumba cha uani cha nyumba ya pili akitoka Nansio, peke yake, mtaratibu, mwenye mikono iliyokaukiwa na chumvi. Nilimwita mama mdogo. Tulijua anatoka kisiwani, na zaidi ya hapo hatukujua kitu, kwa sababu hatukuuliza.

Kazi yangu ilikuwa mkasi. Usinione nachekesha; lilikuwa jambo kubwa. Ulikuwa mkasi wa chuma mzito, bibi aliufunga kwa kitambaa na kuuficha chini ya godoro, na nilipoingia darasa la tano alinikabidhi mbele ya watu wote. Mimi ndiye niliyepitia mabeseni kila Jumamosi, nikaamua nani mgonjwa na nani amekwisha, kisha nikakata viraka. Nilikuwa na jicho. Mzee wa nyavu alisema sijawahi kukosea. Nami niliamini, na ukweli ni kwamba mpaka leo nina jicho hilo. Leta kitambaa nikuambie kitatoa nini.

Basi Jumamosi moja nikakuta kwenye beseni la kijani kagauni ka mtoto wa miaka mitatu au minne, ka rangi ya chungwa kenye vitone vyeupe. Kalikuwa kamechanika ubavuni, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Nikakapima kwa macho. Nikawaza: mtaani kwetu hakuna mtoto wa kike wa umri huu. Mshono hauwezi kushika, kitambaa kimelegea. Aliyekaleta amekosea beseni. Nikakahamishia la bluu, na sikumuuliza mtu, kwa kuwa sheria ilikuwa sheria na mimi nilikuwa daktari.

Nilitoa viraka saba. Saba, kutoka kwenye kagauni kale! Niligeuza kitambaa huku na huku nikikwepa mshono, sikupoteza hata upana wa kidole. Viwili vilikwenda magotini mwa suruali ya mtoto wa mwalimu. Kimoja kiwiko cha koti la mzee wa nyavu, kimoja kwapani mwa blauzi ya mama wa mapanki, kimoja mkoba wa mwalimu, kimoja aproni ya bibi, na cha saba kona ya shuka langu. Vilipendeza. Baraza lilichangamka kwa rangi ile kana kwamba mtu amemwaga machungwa.

Jioni, watu walipokuwa wakichukua nguo zao, mama mdogo, ambaye siku ile alikuwa ameshinda sokoni, aliinua nguo zote za beseni la kijani moja moja, akazirudisha. Akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata alikuja akapekua tena. Kisha alifanya kitu ambacho sikuwahi kuona kwenye baraza lile. Aliuliza.

"Samahanini. Wiki iliyopita niliacha kagauni hapa. Ka mtoto."

Mzee wa nyavu akaangalia kiwiko chake. Mwalimu akavuta mkoba wake mapajani. Hayo yangenitosha mimi kuelewa, lakini nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa na sifa ya kupokea. Nikaruka.

"Nilikakata mimi, mama mdogo! Viraka saba, na hakuna kilichobaki!"

Alinitazama. Redio ilikuwa inasoma jina la mtu wa Shinyanga anayewasalimu mashemeji zake wote, na orodha ilikuwa ndefu. Kisha akasema, "Sawa," akachukua beseni lake tupu, akashuka ngazi. Kandambili moja aliisahau.

Bibi aliiokota ile kandambili akamfuata. Alirudi jua likiwa bado halijazama, akakaa kwenye kigoda, akaniita.

Kagauni kalikuwa ka binti wa mama mdogo. Alifariki Nansio kwa surua, miaka minne nyuma. Gauni lile lilichanika siku alipokwama kwenye mpera wa jirani, wiki moja kabla ya kuugua, na mama yake alimwahidi kulishona. Hakuwahi. Kila aliposhika sindano mkono ulikataa. Halafu akahamia kwetu, akakuta watu ambao hawashoni nguo za nyumba zao, wanashoneana, tena hawaulizi. Akaona hapo ndipo. Alikaa nasi Jumamosi nyingi akijipa moyo, mpaka siku ile akaliweka.

"Sasa amemwambia mwenye nyumba kwamba atarudi kisiwani," bibi alisema. "Si meli ya Jumatatu hii, ni ya ile inayofuata."

Hakunichapa. Alinyoosha mkono, nikampa mkasi, akaufunga kwenye kitambaa chake. "Saba umevitoa," alisema, "saba utavirudisha. Akiondoka, aondoke na gauni lake."

Wiki ile nilizunguka mtaa na wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja. Nilipiga hodi, nikasema shikamoo, nikaomba kufumua. Mzee wa nyavu alivua koti mlangoni, akaniletea kigoda nikalie. Mama wa mapanki hakutania hata kidogo. Alivua blauzi akabaki na kanga, akasimama akinitazama, na hilo liliniuma kuliko fimbo ya mwalimu yeyote. Nilivuta nyuzi moja moja nisiumize kitambaa. Mafundo ya mzee wa nyavu ndiyo yaliyonitoa machozi. Alikuwa ameshona magoti yale ya mtoto wa mwalimu kana kwamba yatavutwa na sangara kweli.

Kufikia Alhamisi nilikuwa navyo vyote. Nilivinyoosha kwa pasi ya mkaa, nikavipanga juu ya mkeka. Nikavigeuza, nikavisogeza, nikavipanga tena. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho chuoni walikuja kunifundisha kwa hesabu na kwa kalamu ya chaki: ukikata kwa kubana kitambaa, huwezi kurudi nyuma. Havikuwa gauni. Vilikuwa vipande saba vizuri sana.

Nilikuwa bado nimevipigia magoti pale barazani mama mdogo alipoingia na beseni la dagaa kichwani, akihema. Hakupiga hodi.

"Wewe. Mtoto wa mwalimu amepita mbele ya meza yangu na magoti nje. Viraka vyake viko wapi?"

Nikaonyesha mkeka.

"Nani amekutuma ufumue?"

"Mimi," bibi alisema kutoka ndani, akatokea akijifuta mikono. "Ni haki yako, mwanangu. Vimerudi."

Mama mdogo alitua beseni. Alimtazama bibi, akanitazama mimi.

"Mara ya kwanza hamkuniuliza," alisema. "Na mara ya pili hamkuniuliza."

Bibi yangu, ambaye nilimwona akibishana na askari wa mgambo mpaka mgambo akaomba radhi, safari hii alikaa tu kwenye ngazi.

Mama mdogo naye akakaa, na akaanza kusema, na kwa mara ya kwanza sheria ya pili haikuwepo. Alisema binti yake alikuwa mzururaji. Hakai nyumbani. Asubuhi umemvalisha, geuka uchukue kikombe, hayupo. Yuko kwa jirani anakula kiporo, au yuko gatini anahesabu mifuko ya watu. Nansio nzima ilimjua kwa gauni lile la chungwa. Watu walimrudisha nyumbani jioni kama mbuzi aliyepotea.

"Jumamosi ile nililia, siwezi kuficha. Nikafunga mizigo. Jumapili natoka, nani ananipita? Magoti ya mtoto wa mwalimu yanakimbilia uwanja wa mpira. Nikasema, ala. Jumatatu nikamwona Mwaloni, kwenye kiwiko cha mzee wa nyavu, anabishana bei ya sato. Jumanne kwapani mwa mama wa mapanki." Hapo aliangua kicheko, na machozi yakatoka pamoja nacho. "Kwapani! Mwanangu, miaka minne nimemfungia ndani ya begi. Halafu nyinyi mnamtoa, anazurura siku tatu, mnamrudisha tena ndani."

Alivikusanya vile vipande, akanipa vyote mkononi.

"Rudisha. Kila kimoja pale kilipokuwa. Na cha saba kilikuwa wapi?"

"Kwenye shuka langu, mama mdogo."

"Hicho nitashona mwenyewe."

Nilirudia milango ileile, na safari hii mama wa mapanki alinifungulia akiwa ameinua mkono wa kulia juu tangu mlangoni. "Haya daktari, mrudishe mgonjwa kwapani, kuna joto, hatapata mafua." Jumamosi kandambili za mama mdogo zilikuwa chini ya ngazi, zote mbili. Alishona kona ya shuka langu mishono midogo, bila kuinua macho, mkono haukukataa. Meli ya Jumatatu ilipiga honi ikaondoka bila yeye. Bibi alisimamisha sindano kama kawaida.

Mkasi nilirudishiwa baada ya miezi mitatu. Niliuliza kabla ya kukata mpaka watu wakachoka. "Hii je? Na hii? Una uhakika?" Mwalimu alisema nimegeuka kuwa karani wa mahakama.

Zahanati haikuuawa na ugomvi. Iliuawa na marobota. Mitumba ilishuka Mwanza kama kumbikumbi. Sokoni ungeweza kupata shati zima, lenye vifungo vyote, kwa bei ya vikombe vichache vya dagaa. Nani tena atakaa alasiri nzima na shati lenye kiwiko wazi? Wiki moja walikuja wanne, nyingine wawili, kisha alibaki bibi na mzee wa nyavu wakinywa chai. Sitaki kuisema vibaya mitumba, nitakuwa mnafiki: nilianza maisha kwa kuipunguza na kuibana, nikiwa kidato cha pili, na ndiyo iliyonilipia nauli ya kwenda chuo Dar es Salaam. Lakini nguo zile zilikuja na viraka vya watu tusiowajua, au hazikuwa na viraka kabisa, na mtaani kwetu watu wakaacha kuvaana.

Nilipoweka mashine zangu Igoma, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda Kirumba. Bibi hayupo tena, Mungu amrehemu. Baraza limejengewa ukuta, ni duka la vifaa vya simu. Mzee wa nyavu alizikwa kwao Magu. Lakini mama mdogo yupo, chumba kilekile, mfupi zaidi kuliko nilivyomwacha. Nilivaa vizuri, nisikufiche. Nilimpelekea kitenge cha wax, sukari, mchele, na picha ya siku ya mahafali, nimevaa joho.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umenenepa."

Nikamweleza yote: chuo, kiwanda nilichosimamia, vyerehani, lori. Nikampa ile picha. Aliishika kwa mbali, akasema joho limekaa vibaya begani, na alisema kweli. Kisha akauliza, "Na lile shuka nililokushonea liko wapi?"

Rafiki yangu, mimi natunza kila kitu. Cheti cha ubatizo ninacho. Risiti ya cherehani cha kwanza ninayo. Shuka lile lilikwenda nami shule ya bweni, likaenda Dar es Salaam, na huko hosteli niliishi na msichana mmoja wa Lindi. Akashikwa na homa, nikamfunika nalo. Asubuhi kaka yake akaja kumchukua, wakaondoka naye akiwa amejifunika vilevile. Hakurudi chuoni. Nilisikia aliolewa Newala, halafu wakahamia Songea, halafu sikusikia tena.

Nilimwambia hivyo, kichwa kimeinama, joho na lori vyote vimenitoka mdomoni.

Mama mdogo alirudia majina yale kwa vidole, Lindi, Newala, Songea, kama mtu anayetafuta njia. Kisha uso wake wote ukacheka.

"Basi bado anazurura," alisema, akasogeza sahani ya michembe mbele yangu.